Mradi unataka kuchimba matuta shambani kwetu Lushoto. Nitie saini?

Swali: Shikamoo mzee. Nina ekari mbili na nusu za mteremko huko Lushoto, tuliachiwa na marehemu baba. Mimi naishi Dar. Shamba tunamkodisha jirani anayelima kabichi na karoti, na kaka yangu mkubwa ndiye anayeliangalia. Sasa umekuja mradi wa hifadhi ya udongo na maji pale kijijini. Wanataka kupitisha mtaro wa kukinga maji sehemu ya juu ya shamba, wachimbe matuta ya ngazi, wapande majani, na wanataka mwenye shamba atie saini. Kaka amekataa kabisa. Anasema babu alifungwa na mkoloni kwa ajili ya matuta hayo hayo, na kwamba tukitia saini shamba linakuwa la serikali. Mpangaji naye anasema matuta yatamla nafasi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba binti yangu. Naanza na kaka yako, kwa sababu bila yeye hakuna jembe litakaloingia shambani, na kwa sababu hofu yake ina mizizi.

Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na miaka ya 1950 ukapanuliwa sehemu kubwa ya milima yenu ya Usambara. Watu waliamriwa kulima kwa matuta, miteremko mikali ikapigwa marufuku, na asiyetii akatozwa faini au akafungwa. Kazi yenyewe iliwaangukia zaidi akina mama, juu ya kazi zao nyingine zote, na mavuno hayakuongezeka kiasi cha kumfanya mtu aseme walau nimechoka lakini nimekula. Watu wakakataa. TANU ilipopita milimani ilikuta masikio yameshafunguka, na mpango ule ukafa kabla ya Uhuru. Uluguru nako, kwenye milima ya Morogoro, mwaka 1955, matuta ya ngazi yalizua ghasia kule Matombo. Kwa hiyo kaka yako ni yule aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo anashtuka. Usimwite mkaidi. Mwambie kwamba babu yenu alikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini mwambie na la pili. Tuta lenyewe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumchimbisha mtu kitu kisichomrudishia chochote, na kutumia kipimo kimoja kwa kila aina ya udongo. Kule Uluguru ngazi zilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu udongo wa chini usiootesha kitu. Mtu akawa anaadhibiwa kwa kukataa kuharibu shamba lake mwenyewe.

Ndiyo maana mradi wa hifadhi ya udongo na upandaji miti mashambani ulioitwa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, ulikuja na sura nyingine. Ulisisitiza mistari ya majani, vichaka na miti inayokinga mteremko, pamoja na ng'ombe wa kufugia bandani. Majani ya Guatemala yanashika udongo, yanakatwa yanaliwa na ng'ombe, ng'ombe anatoa samadi, samadi inarudi shambani. Mwenye ng'ombe aliilinda mistari ile bila kuhimizwa na mtu. Asiye na ng'ombe aliiona ni nafasi iliyopotea, na baada ya muda akaing'oa. Hilo nimeliona kwa macho yangu kijiji hadi kijiji, na ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia kila mradi mpya unapokuja: baada ya gari la mradi kuondoka, ni nani atakayekuwa na sababu yake mwenyewe ya kulitunza tuta hili?

Sasa saini. Kama ardhi yenu ni ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na kuruhusu mtaro upite hakuhamishi umiliki. Hata hivyo usisaini karatasi usiyoisoma yote. Iwe imeandikwa kwamba shamba linabaki lenu, kwamba majani na miti itakayopandwa ni yenu kuvuna, na nani atakayeufukua mtaro ukijaa tope. Kama karatasi inasema eneo "linatengwa kuwa hifadhi", simama hapo hapo uulize hifadhi ya nani na kwa sheria ipi. Tena, je, baba alipofariki mlikaa kikao mkaandika shamba ni la nani? Wewe unasema "nina ekari", kaka ndiye analiangalia, na huenda wapo wengine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumieni nafasi hii kukaa kama ukoo, muandike muhtasari, na kama bado hamna hati ya hakimiliki ya kimila, anzeni kuifuatilia kwa mtendaji wa kijiji. Hofu ya kaka itapungua zaidi siku atakapoishika hati hiyo mkononi kuliko kwa maneno yangu yote haya.

Jambo moja la sheria halitegemei mradi wowote. Kama shamba linafika mtoni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nauliza kwa sababu kabichi na karoti za Lushoto nyingi zinalimwa bondeni, maji yalipo. Kama mpangaji wako amelima hadi ukingoni, hilo ni deni lenu tayari, mradi uje usije.

Tuingie shambani. Kabla ya kubishana na mtu yeyote kuhusu matuta, pimeni mteremko wenyewe. Mwambie kaka achukue ubao ulionyooka wa mita 2, ncha moja aiweke chini upande wa juu, nyingine aiinue upande wa chini mpaka ubao ulale sawasawa. Chupa ya soda iliyojazwa maji nusu na kulazwa juu ya ubao itamwonyesha. Kisha apime kimo kutoka ncha iliyoinuliwa hadi ardhini. Ikiwa ni sentimita 60, huo ni mteremko wa asilimia 30. Apime sehemu kama sita, juu, katikati na chini, kwa maana shamba la Lushoto haliko hivyo hivyo kote. Palipozidi asilimia 55 ngazi zisichimbwe kabisa. Hapo panataka miti, majani, kahawa chini ya migomba, au plamu na mapeasi.

Ukishajua mteremko, hesabu ya nafasi inayoliwa mnaifanya wenyewe. Wapimaji wengi huweka tuta kila mteremko unaposhuka kimo cha macho ya mtu, tuseme mita 1.6. Kwenye asilimia 30, matuta yataachana kwa mita 5 na kidogo. Kama kila tuta na kingo zake linachukua mita 1, basi karibu sehemu moja ya tano ya shamba imekwenda, yaani nusu ekari katika ekari zako mbili na nusu. Mpangaji wako hasemi uongo. Afisa anayewaambia hakuna nafasi itakayopotea, huyo ndiye wa kumwogopa. Kwenye asilimia 15 matuta yanaachana karibu mita 11, na hasara ni chini ya moja ya kumi. Swali linalobaki ni kama hiyo nusu ekari itakaa bure au itaota Guatemala na mabingobingo ya kulishia. Lushoto majani ya ng'ombe yana wanunuzi hata kama ninyi hamfugi, maana wenye ng'ombe wa maziwa wapo na malisho ya kuchungia ni haba.

Na upande wa pili wa mizani? Milimita moja ya udongo ikisombwa kwenye ekari moja ni kama tani 5. Milimita moja ni unene wa kucha, huwezi kuiona imeondoka. Utaiona baada ya miaka, siku mpangaji atakapokuambia shamba "limechoka" na anahitaji mifuko miwili ya mbolea pale alipokuwa akitia mmoja. Kumbuka pia kwamba mvua huanza kusomba kilicho juu kabisa, pale alipoweka mbolea na samadi jana.

Sasa nafika kwenye mtaro, na hapa naomba usome polepole. Maswali yako yote ni kuhusu matuta, lakini mimi ninachoogopa ni mtaro.

Mvua moja nzuri ya masika, milimita 40, inamwaga kwenye ekari moja lita 160,000 za maji. Tuseme robo yake tu haikuzama ikateremka: ni lita 40,000, mapipa mia mbili, na hiyo ni ekari moja ya mashamba yaliyo juu yenu. Mtaro wa kukinga maji kazi yake ni kuyakamata mapipa hayo yasivuke shamba lako na kuyapeleka pembeni. Vizuri. Pembeni wapi?

Nikiwa kijana nilifanya kazi na mradi mmoja, sitautaja, tulichimbisha mitaro ya namna hiyo kwenye kilima kizima. Wachimbaji walilipwa posho kwa mita, nasi tulihesabiwa kazi kwa mita, kwa hiyo kila mtu alitaka mita. Ile mistari ilipendeza sana kuitazama kutoka ng'ambo ya bonde. Mtaro mmojawapo uliishia kwenye mpaka wa shamba la mama mmoja mjane, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya kikundi. Masika ya kwanza maji ya shamba la watu kumi na mmoja yakatokea pale mahali pamoja. Asubuhi nilipofika, mihogo yake ilikuwa imelala bondeni na pamechimbika korongo la kunifika kiunoni. Alikuwa amesimama ameshika upande wa kanga yake mdomoni. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ninyi si ndio mlikuja kuzuia mmomonyoko?" Sikuwa na jibu, na sijalisahau swali lile. Tulirudi kujenga njia ya maji kwa mawe na majani, lakini udongo wa yule mama ulikuwa umeshakwenda.

Kwa hiyo kabla ya saini, mtaalamu wa mradi atembee na kaka yako kwa miguu kutoka mtaro utakapoanzia hadi maji yatakapofika mtoni, akionyesha kwa kidole kila yatakapopita. Mahali pa kutokea pawe na nyasi zilizoshikana, au mwamba, au korongo la asili lililojengewa vizuizi vya mawe. Njia hiyo ya maji ipandwe majani msimu mmoja kabla ya mtaro kufunguliwa, wala sio baada yake. Mtaro ushuke taratibu, sentimita 5 hadi 10 kwa kila mita 10 za urefu. Ukiteremka zaidi ya hapo unageuka korongo wenyewe. Na majirani wa pande zote mbili, na wa chini, wawe wamekubali mbele ya uongozi wa kitongoji. Maji hayajui mpaka wa ukoo. Mradi unaosajili mashamba ya waliojitokeza tu na kuruka ya katikati utaharibu zaidi ya utakavyotengeneza. Kama hawawezi kukuonyesha mwisho wa maji, usisaini, hata kama mengine yote yamekaa sawa.

Wengine watakushauri mtaro usitoe maji kabisa, uwe umelala sawasawa ili yazame ardhini. Hilo ni zuri Dodoma, ni zuri Ukambani, sehemu kavu ambako kila tone linatafutwa. Kwenye mteremko mkali wa Lushoto, penye udongo mzito wa kina na mvua zinazofuatana siku nyingi, kuulowesha mlima kupita kiasi ni kukaribisha maporomoko. Mtu asiletewe dawa ya mgonjwa mwingine.

Kuhusu ngazi zenyewe, mimi nisingekubali zichimbwe shamba zima kwa msimu mmoja. Ningewaomba waanze na sehemu ya chini ambako mteremko ni wa wastani, na badala ya ngazi za kukata mara moja, wafanye fanya juu: unachimba mfereji wa kina kama sentimita 60, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani juu ya tuta. Kila ukilima, udongo unateremka kidogo na kushikwa na tuta, na baada ya miaka kadhaa ngazi inajitengeneza yenyewe bila kufukia rutuba. Wakamba wa Machakos wamegeuza milima yao kwa njia hiyo, na wao pia walianza kwa kulazimishwa na mkoloni. Waliipenda baadaye, walipoona mazao ya kuuza yanakaa vizuri juu ya matuta. Palipo lazima zikatwe ngazi kamili, sharti ni moja: udongo mweusi wa juu unaondolewa kwanza, unarundikwa kando, ngazi inachimbwa, kisha unarudishwa juu. Ni kazi maradufu, na wanaolipwa kwa mita wataikwepa. Kaka awepo siku hiyo. Akiona udongo mwekundu uko juu na mweusi uko chini, asimamishe kazi.

Mwombe pia ajifunze kupima mwenyewe kwa fremu ya A. Ni fito tatu zilizofungwa kama herufi A, kamba na jiwe linaloning'inia. Ukitaka kuirekebisha unasimamisha miguu juu ya vigingi viwili, unatia alama kamba inapogusa ufito wa kati, unazungusha miguu ibadilishane vigingi, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Nimefundisha wazee wasiojua kusoma kwa nusu saa, wakamkosoa mpimaji wa mradi wiki hiyo hiyo. Mtu akishapima mistari ya shamba lake kwa mkono wake, habari ya kulazimishwa inaishia hapo.

Tatizo lako kubwa ambalo hukuliuliza ni mpangaji. Unamkodisha kwa msimu, sivyo? Mtu wa msimu mmoja anahesabu kabichi za msimu mmoja. Hatapanda Guatemala ambayo ataikata mwingine, na majani yakianza kunyonya maji ya mstari wake wa karoti ataipunguza kwa jembe pole pole mpaka iishe. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Mpe mkataba wa maandishi wa miaka 3 au 5. Mpunguzie kodi kwa sehemu iliyoliwa na matuta, majani yawe yake kukata au kuuza, naye aahidi kulima kwa kukinga mteremko, yaani vitanda vilale kukatiza mlima, kutunza kingo na kufukua mtaro kabla ya masika na kabla ya vuli. Kulima kwa kukinga mteremko hakugharimu hata shilingi moja, na anaweza kuanza kesho. Nakuhakikishia vitanda vyake vya karoti sasa hivi vinashuka na mlima, kwa sababu ni rahisi kuvilima hivyo na maji hayatuami.

Mradi nao uulizwe unaleta nini zaidi ya posho. Vipando vya majani, miche ya grevilea, mafunzo ya kupima, samadi kwa msimu wa kwanza baada ya kuchimba: hivyo ndivyo vya maana. Waulizeni kama wanafanya kazi na Jumuiya ya Watumia Maji chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kwa maana jumuiya hizo zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na zitakuwepo mradi ukishafunga ofisi. Wala msione haya kuomba, kana kwamba mnapewa sadaka. Tope la mto Soni linaingia mto Mkomazi, Mkomazi unaingia mto Pangani, na Pangani ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Wewe mwenyewe huko Dar unakunywa maji ya Ruvu, ambayo sehemu yake inatoka milima ya Uluguru. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha huko Kibungo mpango wa watumiaji wa maji wa chini kuwalipa wakulima wa juu wanaohifadhi miteremko, na DAWASCO, shirika la maji la Dar wakati huo, ilikuwa miongoni mwa walipaji. Mkulima wa mlimani anayeshika udongo anawafanyia kazi watu wengi asiowajua. Ni halali yake kusaidiwa gharama.

Kuhusu muda: kuchimba kufanyike kiangazi, kati ya Julai na Septemba, udongo ukiwa mkavu, ili vipando viingie ardhini na mvua za kwanza za vuli na viwe vimeshika mizizi kabla ya masika. Mkichelewa hadi Februari, ahirisheni mwaka mzima. Tuta bichi lisilo na majani likikutana na masika linabomoka lote. Kwa hiyo mna nafasi ya kukaa kikao. Na kabla ya hapo nakuomba kitu kimoja. Mvua kubwa ijayo ikinyesha, kaka avae koti lake la mvua apande hadi juu ya shamba wakati bado inanyesha, aangalie maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, achome vigingi hapo. Mtaalamu wa mradi akija, aanzie kwenye vigingi hivyo.